Waliofuma Ugiriki ya Kale

Katika Kigiriki cha kale kulikuwa na neno histos. Baharia alipolitamka alikusudia mlingoti wa chombo chake. Mkewe alipolitamka nyumbani alikusudia kitanda cha mfumi, ile miti iliyosimamishwa ukutani ili nguo ifumwe. Katika Odyssey, utenzi wa Homer, maana hizo mbili zinakwenda sambamba kwa miaka: Odysseus anatangatanga baharini chini ya mlingoti wake, na Penelope yuko Ithaca mbele ya kitanda chake, mchana anafuma na usiku anafumua. Sisi tunaosoma habari za Ugiriki tumezoea kuufuata mlingoti. Tunaijua Troy, tunaijua Marathon ya mwaka 490 K.K. na Salamis ya mwaka 480 K.K., tunamjua Pericles aliyesimamia ujenzi wa Parthenon, na Socrates aliyekunywa sumu. Kile kitanda tumekipita kama pambo la nyumba. Nakusudia kuonyesha hapa kwamba kwa kukipita tumeikosa nusu ya historia yenyewe. Nguo ilikuwa mali, tena mali kubwa. Wanawake ndio hasa walioizalisha. Na Wagiriki wenyewe walilijua hilo kuliko wengi wetu tunaosoma habari zao.

Sababu ya kwanza ya upofu huu imo ardhini. Mchanga mkavu wa Misri huhifadhi nguo kwa maelfu ya miaka, lakini ardhi ya Ugiriki, pamoja na mvua zake za majira ya baridi, huozesha sufu na kitani hadi vikabaki vipande vichache mno. Marumaru haiozi, na chungu kikivunjika vigae vyake hudumu. Ndiyo maana anayeingia katika majumba ya makumbusho ya Athens hukutana na nchi ya mawe meupe, akaondoka akidhani ndivyo ilivyokuwa. Lakini ukiyatazama vizuri, hata mawe hayo yamevaa. Sanamu za wasichana zilizofukuliwa juu ya mlima wa Acropolis, nyingi zikiwa za karne ya sita K.K., zina mabaki ya rangi inayoonyesha mapindo yenye nakshi, na mchongaji amehangaika na kila kunjo la vazi. Alichonga mwili wa msichana, na papo hapo alikuwa akichonga kazi ya mikono ya mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kitanda chenyewe hatukioni tena, ila tunajua kilivyofanya kazi. Miti miwili iliegemezwa ukutani, boriti ikalazwa juu yake, na nyuzi za mtande zikaning'inia kutoka kwenye boriti hiyo hadi karibu na sakafu. Ili zisilegee, kila fungu la nyuzi lilifungiwa chini kipande cha udongo wa kuchoma chenye tundu, mfano wa timazi ya mwashi. Mfumaji alifanya kazi amesimama, akienda huku na huku na uzi wa mshindio, na kila alipoupitisha aliusukumia juu, hivyo nguo ilianzia juu ikashuka. Mwanahistoria Herodotus, alipoorodhesha mambo ya Wamisri yaliyomshangaza, alitaja kwamba wao huusukumia mshindio chini, na kwamba kwao wanaume hukaa nyumbani wakifuma ilhali wanawake huenda sokoni. Kwa Mgiriki huo ulikuwa ulimwengu uliopinduliwa. Miti na nyuzi zimeoza, timazi zimebaki, nazo hupatikana kwa maelfu. Katika mji wa Olynthus, uliobomolewa na Mfalme Philip wa Macedonia mwaka 348 K.K., wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta nyumba baada ya nyumba, mahali pengine nyingi kupita mahitaji ya familia moja.

Kuna kichupa kimoja cha mafuta, kimo leo katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York, ambacho kinajibu maswali mengi kuliko sura nzima ya kitabu. Kina urefu wa sentimita 17 hivi, na kilichorwa Athens kati ya mwaka 550 na 530 K.K. na mchoraji anayejulikana kama Amasis Painter. Zungusha macho yako kukizunguka. Wanawake wanapima sufu kwa mizani. Wengine wanaiandaa na kusokota uzi. Wawili wamesimama mbele ya kitanda cha mfumi, timazi zikiwa zimejipanga chini kama meno. Wengine wanakunja nguo iliyokwisha na kuipanga juu ya nyingine. Mizani ile isipitwe haraka. Kitu kinachopimwa ni kitu chenye thamani, na anayekipima hana budi kutoa hesabu yake. Mchoraji hakuonyesha mke anayepitisha muda. Ameonyesha karakana yenye ghala, vipimo na mgawanyo wa kazi, tangu malighafi hadi bidhaa.

Ukubwa wa kazi hiyo ni vigumu kuukadiria kwa mtu wa leo anayenunua shati kwa bei ya mlo. Gurudumu la kusokotea lilifika Ulaya katika zama za kati, muda mrefu baada ya Ugiriki ya kale kutoweka. Kabla yake kila uzi ulitoka kwenye vidole na kijiti kinachozunguka, na kusokota peke yake kulichukua saa nyingi kuliko kufuma. Hesabu basi mavazi ya kila mtu, mablanketi, mapazia, matandiko, na sanda ya kumzikia. Hakuna siku ambayo kazi hiyo iliisha. Huko Athens, alipozaliwa mtoto wa kiume walitundika mlangoni shada la mzeituni. Alipozaliwa wa kike walitundika sufu. Hajafumbua macho vizuri, na kazi yake imekwisha kutangazwa kwa majirani.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya jikoni yasiyohusu dola na uchumi, namwelekeza Pylos na Knossos. Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo Mwingereza, alifaulu kuyasoma maandishi yaliyochorwa kwenye vibao vya udongo katika majumba ya kifalme ya zama za shaba, akaonyesha kwamba lugha yake ni Kigiriki. Wengi walitarajia tenzi na habari za mashujaa. Walichokuta ni daftari za mali, na sehemu kubwa ya daftari hizo ni sufu. Vibao vya Knossos, katika kisiwa cha Crete, vina hesabu ya kondoo wapatao 100,000. Vile vya Pylos, vilivyookwa na moto uliounguza jumba hilo karibu na mwaka 1200 K.K., vinaorodhesha wanawake zaidi ya 700 pamoja na watoto wao, wakipewa posho ya ngano na tini. Wengi wametajwa kwa kazi zao za sufu, kitani na nguo, na baadhi kwa mahali walikotoka: Miletus, Knidos, Lemnos, yaani pwani ya Uturuki ya leo na visiwa vilivyo jirani nayo. Wataalamu wengi wanawaona kuwa mateka au watumwa. Kwa mfalme wa Pylos kazi hii haikuwa ya jikoni hata kidogo. Ilikuwa miongoni mwa nguzo za hazina yake.

Ukitoka na vibao hivyo mkononi ukarudi kwa Homer, aya ulizozipita zinaanza kusema. Katika Iliad, Agamemnon anapokataa kumrudisha binti wa kuhani wa Apollo, anamwambia kuhani huyo kwamba binti yake atazeekea Argos akienda huku na huku mbele ya kitanda cha mfumi. Hector anapomuaga mkewe Andromache, kinachomchoma moyo kuliko kuanguka kwa Troy ni kumwona mkewe akichukuliwa mateka na kufuma kwa amri ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo vita vilivyosifiwa kuwa ni vya heshima na urembo wa Helen vilikuwa pia njia ya kupata mikono. Helen naye, tunapokutana naye ndani ya Troy, anafuma nguo kubwa ya zambarau yenye picha za Watroy na Wagiriki wakipigana kwa ajili yake. Ndani ya shairi lile mtu wa kwanza kuvisimulia vita ni mwanamke, na wino wake ni uzi.

Ndipo tunapoweza kumrudia Penelope. Kwa kawaida anasifiwa kwa uaminifu, na hila yake ya kufumua usiku inachukuliwa kama ujanja mdogo wa mke mpweke. Mimi naiona ni hatua ya kisiasa. Nyumba ina waposaji 108 kwa hesabu ya mwanawe Telemachus, wanakula mifugo, wanataka kiti cha mfalme, na hakuna jeshi la kuwatoa. Anawaambia wangoje amalize sanda ya mkwewe, mzee Laertes. Wanangoja miaka mitatu. Swali la kujiuliza ni kwa nini watu wakorofi namna ile walingoja. Jibu ni kwamba ombi lake lilisimama juu ya kitu ambacho hakuna mwanamume aliyeweza kukikataa hadharani: kumwacha mzee mwenye mali azikwe bila sanda ilikuwa aibu. Pamoja na hayo, katika ukumbi mzima hakuna aliyejua sanda huchukua muda gani. Ujuzi ulikuwa wa upande mmoja, na Penelope aliutumia ujuzi huo kama nahodha anavyoutumia upepo. Alipogunduliwa katika mwaka wa nne, siri ilitolewa na mjakazi, mtu wa ndani ya chumba cha kufumia. Hakuna mwanamume aliyeitambua kwa macho yake.

Pingamizi la kwanza ni kwamba haya ni mashairi, na mtu makini hajengi uchumi juu ya mashairi. Ni pingamizi la haki, kwa hiyo tuiendee Athens yenyewe ya karne ya tano na ya nne K.K., yenye mahakama na hesabu zake. Huko, sadaka kuu ya sikukuu ya mji, Panathenaia, ilikuwa vazi la kumvisha Athena, mungu wa mji na pia mungu wa ufumaji. Wasichana wadogo walioteuliwa, wa miaka 7 hadi 11, walishiriki kuianza kazi miezi tisa kabla ya sikukuu, na wanawake wakaiendeleza hadi picha ya miungu ikipigana na Majitu ilipokamilika. Katika sikukuu kubwa iliyofanyika kila baada ya miaka minne, vazi lilipitishwa barabarani likiwa limetandazwa kama tanga juu ya mlingoti wa jahazi lenye magurudumu. Maana mbili za neno histos zilikutana hapo mbele ya umma. Wataalamu wengi wanaamini kwamba nguo inayokunjwa katikati ya upande wa mashariki wa michongo ya Parthenon, ambayo sasa imo British Museum, London, ndiyo hiyo. Kwa maana hiyo, jengo linalosifiwa kuliko yote ya Ugiriki lilipata kituo chake katika kitambaa.

Mwaka 411 K.K., Athens ikiwa imechoshwa na vita dhidi ya Sparta, Aristophanes alileta jukwaani mchezo wa Lysistrata. Ndani yake mwanamke anamweleza ofisa wa serikali namna ya kuiponya nchi kwa kufuata hatua za sufu: kuosha uchafu, kuondoa miiba, kuchambua vikundi vya watu walioshikamana kutafuta vyeo, kuchanganya wageni wema na wenyeji katika kapu moja, kisha kusokota na kuwafumia watu joho moja. Ni kichekesho, najua. Lakini kichekesho hakiwezi kusimama ila mtazamaji awe anaijua kila hatua. Plato naye, ambaye hakuwa akichekesha, aliandika kitabu kizima kuhusu kiongozi wa dola, na mfano aliouchagua kufafanua uongozi ni ufumaji: watu wagumu wawe mtande, watu wapole wawe mshindio, na kazi ya kiongozi ni kuwafuma pamoja. Wanaume hawa walipotaka kueleza jambo kubwa kuliko yote waliyoyajua, waliazima lugha kutoka chumba ambacho sheria yao haikukipa sauti.

Ushahidi ninaouthamini zaidi, hata hivyo, hauna mungu wala falsafa. Mwandishi Xenophon anasimulia kwamba katika misukosuko ya mwaka 404 hadi 403 K.K., wanademokrasia walipokimbilia Piraeus, bwana mmoja aitwaye Aristarchus alimwendea Socrates akiwa na uso wa kukata tamaa. Dada, binamu na watoto wa ndugu zake walioachwa na wanaume wao walikuwa wamejaa kwake, hata nyumbani wakawa watu huru 14. Mashamba yalikuwa mikononi mwa maadui, nyumba za kupangisha hazikuwa na wapangaji, na hakuna aliyekopesha. Socrates akamuuliza kama jamaa zake hao hawajui kutengeneza nguo. Wanajua, alijibu Aristarchus, lakini ni watu huru na ni ndugu zangu. Wanaotajirika kwa nguo hutumia watumwa walionunuliwa. Socrates akamtajia watu wanaoishi vizuri kwa biashara hiyo, akamwongezea kwamba watu wengi wa Megara hula kwa kushona vazi la kazi la bega moja. Hatimaye Aristarchus akakopa fedha, akanunua sufu. Wanawake wakawa wakila chakula cha mchana huku wakifanya kazi, na cha jioni baada ya kazi, na nyuso zilizokuwa zimekunjamana zikakunjuka.

Kinachofuata katika masimulizi hayo ndicho kinachonifanya niyarudie. Aristarchus anarudi kwa Socrates na malalamiko mapya, sasa kwa furaha: wanawake wanamwambia kwamba yeye peke yake ndiye anayekula bila kufanya kazi. Socrates anamfundisha awajibu kwa hadithi ya mbwa anayelinda kondoo. Hadithi inamrudishia bwana heshima yake, lakini neno la wale wanawake limekwisha kusemwa na Xenophon amekwisha kuliandika. Waliiona hesabu kama ilivyo. Nyumba ya mtu wa tabaka la juu iliokolewa na ujuzi uliokuwamo ndani yake siku zote, ambao mwenye nyumba hakuwahi kuufikiria kuwa ni mtaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silikwepi. Linasema kwamba sifa hizi zote za ufumaji zilikuwa kamba ya kumfungia mwanamke ndani. Kwamba Penelope alitukuzwa ili wengine wasitoke. Ni kweli. Ischomachus, katika kitabu kingine cha Xenophon, anajivunia kwamba mkewe aliolewa kabla ya kufika miaka 15 akijua tu kupokea sufu na kutoa joho, na kuwagawia wajakazi kazi ya kusokota. Hector anamwambia Andromache arudi kwenye kitanda chake cha mfumi na awaachie wanaume vita. Sparta, ambako wanawake huru walifanya mazoezi ya mwili na kufuma wakawaachia watumwa, inaonyesha kwamba mpangilio ule haukuwa sheria ya maumbile. Lakini kuwa kazi ilitumika kumfunga mtu si ushahidi kwamba kazi hiyo haikuwa na thamani. Mara nyingi mtu hufungwa pale ambapo kazi yake inahitajika sana. Na kuna mahali ambapo sheria ilikiri hivyo kwa maandishi. Huko Gortyn, Crete, kuna ukuta wa mawe wenye sheria zilizochongwa karibu na mwaka 450 K.K., uliofahamika kwa ulimwengu baada ya Federico Halbherr kuuibua mwaka 1884. Sheria inasema mke akiachika ataondoka na mali aliyokuja nayo, na nusu ya mazao ya mali hiyo, na nusu ya alichokifuma. Iliandikwa kwenye jiwe, mahali pa kusomwa na kila mtu, kwamba nguo ni mali ya ndoa na mfumaji ana hisa ndani yake. Athens yenye falsafa zake haikutuachia sheria kama hiyo.

Wengine watasema kwamba wanaume nao walifuma, na kwamba mzigo mkubwa ulibebwa na watumwa. Wanaume wafumaji walikuwapo kwenye karakana, Plato anawataja, lakini kila nyumba ilikuwa na kitanda chake na hicho hakikuwa chao. Kuhusu watumwa nakubali moja kwa moja, na kukubali kwangu hakuipunguzi hoja. Kuna orodha za Athens za miaka ya 330 na 320 K.K. za watu walioachwa huru, kila mmoja na bakuli la fedha la drakma 100. Wanaume wana kazi za kila namna. Wanawake waliotajwa kwa kazi, wengi wao wameandikwa neno moja linalomaanisha mfanyakazi wa sufu. Tangu Pylos hadi hapo ni miaka 800 na zaidi, falme zimeanguka, demokrasia imezaliwa, na orodha bado zinafanana.

Na kuna orodha za namna nyingine. Mashariki ya Athens, huko Brauron, wanawake walimpelekea mungu Artemis nguo zao kwa ajili ya uzazi. Katika karne ya nne K.K. nguo hizo ziliorodheshwa kwenye mawe, na nakala zikawekwa Acropolis: aina ya vazi, rangi yake, pindo lake, na mara nyingi jina la mwanamke aliyelitoa. Nguo zenyewe zimekwisha. Orodha bado zinasomeka, na baadhi ya mavazi yameandikwa kwamba yamefumwa nusu tu. Katika mchezo mmoja wa Euripides tunaambiwa kwamba Brauron ndiko zilikopelekwa nguo walizoziacha wanawake waliofariki wakijifungua.